Akiba Haiozi: Mkia wa Farasi, Makaa ya Mawe na Tope la Mikoko

Ukitaja makaa ya mawe hapa Pwani, wengi hukumbuka Lamu na ule mvutano wa kiwanda cha umeme. Lakini ni wachache waliowahi kujiuliza makaa hayo yaliingiaje ardhini. Sehemu ya jibu iko kwenye mmea ambao huku kwetu hatuuzoei: mkia wa farasi. Wataalamu huuita Equisetum, jina la Kilatini lenye maana ya nywele ngumu za farasi.

Mmea huu hauna maua, tunda wala mbegu. Shina lake ni la pingili kama muwa, ila ndani lina uwazi, na ukilivuta huachana penye fundo. Majani yake ni madogo mno, yamezunguka kila fundo mfano wa pete. Huzaana kwa vumbi jepesi linalopeperushwa na upepo. Shina limejaa silika, kitu kile kile kilichomo kwenye mchanga na kioo. Ndiyo maana huko Ulaya watu walilitumia kusugulia vyombo na kulainishia mbao, kama mafundi wetu walivyotumia majani ya msasa. Hata Kenya uko, kandokando ya mito ya bara.

Leo aina zilizobaki duniani hazifiki 20, na nyingi hazimpiti mtu kimo. Lakini ukoo wake ni mkubwa na wa kale. Miaka milioni 300 na zaidi iliyopita, kabla dunia haijaona dinosaria wala ua la kwanza, jamaa zake waitwao Calamites walikuwa miti ya kufikia mita 20. Walijaza vinamasi vya nchi ambazo leo ni Ulaya na Marekani, pamoja na makangaga na miti mingine isiyo na maua.

Sasa sikiza siri yenyewe. Mti ukianguka kwenye nchi kavu huoza, na kaboni iliyokuwa ndani yake hurudi hewani. Miti ile ilianguka kwenye maji na tope lisilo na hewa, kwa hivyo haikuoza ikaisha. Ilirundikana, ikafunikwa na mchanga na udongo, ikagandamizwa na uzito na joto la ardhi kwa mamilioni ya miaka mpaka ikawa makaa ya mawe. Wazee walisema akiba haiozi, na hii ndiyo akiba yenyewe. Kuyachoma makaa hayo ni kurudisha hewani, kwa muda wa vizazi vichache tu, kaboni iliyozikwa kwa mamilioni ya miaka. Joto la dunia linalopanda linatokana na hilo kwa sehemu kubwa.

Hapo ndipo habari hii inapobisha hodi kwetu. Mikoko si jamaa wa mkia wa farasi, kwani yenyewe ina maua na mbegu. Lakini tope lake linafanya kazi ile ile: halina hewa, majani na mizizi inayozama humo huoza polepole sana, na kaboni hubaki chini. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, kaunti ile ile ambayo ilipangiwa kiwanda cha makaa cha megawati 1,050 pale Kwasasi, kabla ya jopo la kitaifa la kesi za mazingira kufuta leseni yake mwezi wa Juni 2019. Huko Gazi, Kwale, wanakijiji wanaitunza mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, na kaboni inayohifadhiwa huwaletea fedha za maji na shule.

Kwa hivyo anayekata mkoko kwa ajili ya boriti au tanuri la chokaa asidhani amechukua mti tu. Mti unaweza kupandwa tena. Tope likishafukuliwa na kukauka, akiba ya karne nyingi huanza kuondoka, na hakuna mjukuu wetu atakayeishi kuiona ikirudi.