Safari ya Siku Moja Kutazama Matumbawe

Natumaini kikundi kizima kimekwisha kaa na redio inasikika sawasawa. Aliye na daftari na alifungue, maana leo kuna mambo mawili matatu ya kuandika. Tena naomba katibu wa kikundi atafute karai la maji safi na kuliweka kando. Tutalihitaji mwishoni.

Somo hili limetokana na barua. Mwalimu mmoja wa kike, anayefundisha bara, mbali sana na bahari, ametuandikia kwamba wakati wa likizo atakwenda Unguja kumwamkia dada yake. Shemeji yake amemwahidi kumchukua siku moja mpaka kisiwa cha Chumbe, akatazame matumbawe na samaki walio hai majini mwao. "Lakini," asema mwalimu, "mimi sijui kuogelea hata kidogo. Je, niende, ama nijifanye mgonjwa siku hiyo?"

Mwalimu, nenda. Wala usione haya. Hata pwani wako watu wengi, hasa wanawake, waliokua wakiisikia bahari usiku na mchana, lakini hawajapata kuingia ndani yake kupita magoti. Kutojua kuogelea si aibu. Aibu ni kutojua kisha kunyamaza kimya mpaka uko kwenye kina. Basi jambo la kwanza, kabla boti haijaondoka, mwambie kiongozi waziwazi: "Mimi sijui kuogelea." Akicheka, ama akisema si kitu tutaona huko huko, huyo si kiongozi, mwambie shemeji atafute mwingine. Kiongozi wa kweli atakuuliza zaidi: una pumu? una ugonjwa wa moyo? una kifafa? Jibu kweli. Yeye ndiye atakayekuwa karibu nawe, na hawezi kukusaidia kwa jambo asilolijua.

Sasa, Chumbe ni nini? Ni kisiwa kidogo, urefu wake wapata kilometa moja, kilichoko kiasi cha kilometa 12 kusini-magharibi ya mji wa Unguja. Utakitambua kwa mnara wake wa taa, uliojengwa mwaka 1904 kuongoza vyombo. Kwa miaka mingi wavuvi hawakuruhusiwa kuvua upande wake wa magharibi, kwa sababu njia ya meli kati ya Unguja na Dar es Salaam inapita huko, na tena jeshi lilikuwa likifanya mazoezi ya kupiga shabaha katika pwani inayokielekea. Kwa hiyo matumbawe ya upande ule yalisalimika bila mtu yeyote kukusudia. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliyatangaza kuwa hifadhi, na utunzaji wake ukakabidhiwa kampuni iliyoanzishwa na mama mmoja Mjerumani, Sibylle Riedmiller. Walinzi wa kwanza waliochukuliwa walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Mimi naona hapo palitumika akili, maana ni nani ajuaye mahali pa kujificha samaki kuliko yule aliyekuwa akimtafuta?

Huko hakuna kuzama na mitungi ya hewa. Mgeni huelea juu tu, uso chini, akipumua kwa mrija. Ndiyo kusema kazi yenyewe si ya nguvu. Mzee wa miaka sabini aweza kuifanya, akiwa mzima wa afya.

Kabla ya kuingia majini yafaa ujue kile unachokwenda kukitazama, ama sivyo utaona rangi tu na kurudi. Watu wengi hudhani tumbawe ni jiwe. Wengine hudhani ni mti. Kumbe ni mnyama, ama tuseme ni mji wa wanyama. Kila mmoja wao ni mdogo, mara nyingi hapiti punje ya mahindi, ana mdomo uliozungukwa na mikono midogo laini, na chini yake hujijengea kikombe cha chokaa. Anapokufa kikombe hubaki, na mwingine hujenga juu yake. Matumbawe ya mviringo, yale kama kichwa, mengi hukua kiasi cha sentimeta moja tu kwa mwaka. Kwa hiyo ukiona tumbawe lenye ukubwa wa meza, ujue limekuwa likikua kwa miaka mingi sana. Chumbe yenyewe ni matumbawe ya kale yaliyobaki juu ya maji bahari iliposhuka, na nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya namna hiyo hiyo, na kupakwa chokaa iliyochomwa kutokana nayo.

Ndani ya mwili wa mnyama huyu huishi mimea midogo mno isiyoonekana kwa jicho. Mimea hupata mahali pa kukaa, na mwenye nyumba hulipwa kodi ya chakula, kwa kuwa mimea hutengeneza sukari kwa nguvu ya jua. Rangi nyingi unazoziona ni za wapangaji hao. Lakini maji yakizidi joto lake la kawaida kwa digrii moja au mbili tu, na kukaa hivyo majuma kadhaa, wapangaji hufukuzwa, na tumbawe hubaki jeupe kama mfupa. Joto likipungua upesi, hurudi. Likikawia, tumbawe hufa kwa njaa. Mwaka 1998 jambo hilo liliua matumbawe mengi sana katika Bahari ya Hindi, toka Maldivi na Shelisheli mpaka pwani ya Kenya. Lilitokea tena mwaka 2016, na tena mwaka 2024. Kwa hiyo ukiona sehemu nyeupe, usidhani ni mapambo. Muulize kiongozi, naye atakuonyesha lipi linapona na lipi limekwisha kufa na kuota majani.

Haya, tuingie safarini. Saa ya kuondoka haichaguliwi na mgeni wala na mwenye boti; huchaguliwa na maji. Watu wa pwani mnalijua hili, lakini naeleza kwa ajili ya ndugu zetu wa bara. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50. Wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu huwa maji ya bamvua. Hapo Unguja hujaa kiasi cha saa 10 alasiri na kupwa kiasi cha saa 4 asubuhi, na tofauti kati ya kujaa na kupwa yaweza kufika meta nne. Katikati ya bamvua mbili ni maji mafu, ambayo huenda na kurudi kidogo. Maana yake kwako ni hii: maji yakipwa sana, juu ya mwamba hapatoshi kuelea, utajikwaruza tumbo na kuvunja matumbawe. Na katikati ya kujaa au kupwa, hasa siku za bamvua, mkondo huenda kwa nguvu. Kiongozi akisema, "Tungoje saa moja," ngoja. Kunywa maji yako, tazama mnara.

Vyombo ni vichache. Kuna miwani ya kioo inayofunika macho na pua, kuna mrija, kuna mapezi ya mpira ya kuvaa miguuni, na kuna jaketi la kuelea. Kwako wewe, mwalimu, jaketi ni lazima, hata kama wengine wote wameyaacha botini.

Miwani ijaribu nchi kavu. Iweke usoni bila kuvuta mpira nyuma ya kichwa, kisha vuta hewa kidogo kwa pua. Ikinata yenyewe, inakufaa. Ikianguka, omba nyingine. Nywele zikiingia chini ya ukingo, maji yatapenya. Mwenye masharubu mazito naye atateseka kidogo. Kabla ya kuvaa, tema mate ndani ya kioo, sugua, suuza. Usicheke, hata mabingwa hufanya hivyo, na kioo hakifanyi ukungu. Kwa nini tunahitaji kioo? Jicho la mtu liliumbwa kuona likiwa limeguswa na hewa. Likiguswa na maji, mambo yote huwa ukungu. Kioo hurudisha hewa mbele ya jicho, lakini hufanya vitu vionekane vikubwa kwa kiasi cha theluthi, na karibu zaidi kuliko vilivyo. Kwa hiyo ukimwona chewa wa kutisha, mpunguze kidogo kabla ya kumsimulia dada.

Mrija nao una siri. Watoto huuliza kwa nini usiwe mrefu wa meta mbili ili mtu atembee chini. Haiwezekani. Hata nusu meta tu chini, uzito wa maji hukandamiza kifua hata mtu avute hewa kwa taabu. Tena hewa chafu uliyoitoa hubaki ndani ya mrija mrefu, nawe ukaivuta ile ile. Ndiyo sababu ni mfupi, na ndiyo sababu yakupasa upumue polepole, kwa kina, si harakaharaka kama mbwa. Maji yakiingia mrijani, yapulize kwa nguvu mara moja, "puu!", yatatoka juu.

Mimi mwenyewe siku ya kwanza nilisahau. Maji yaliingia, nikavuta badala ya kupuliza, nikanywa bahari, nikaanza kupiga mikono kama kuku aliyetumbukia kisimani. Kina kilikuwa hakipiti kifua changu! Kiongozi hakunishika mkono wala hakunipigia kelele. Alinigeuza chali, akasema, "Tazama mawingu, bwana." Nikatazama mawingu. Kwa kuwa nilikuwa na jaketi, sikuzama; baada ya dakika moja pumzi ikarudi. Andikeni hilo: hofu ikikupata, geuka chali, tazama mbingu, inua mkono mmoja juu. Usimkumbatie mtu aliye karibu, maana mtazama wote wawili.

Kwa hiyo anza mahali pa mchanga, pa kusimama. Weka uso majini na upumue, mara kumi, mara ishirini, mpaka usichoke. Kisha lala kifudifudi, mikono umeinyoosha, bila kufanya lolote. Utashangaa kwamba maji ya chumvi yanakubeba. Hapo ndipo kiongozi atakapokupeleka mbele. Wengi wao huchukua boya la duara, mgeni analishika, naye analivuta. Msafara huanza kwa kuelekea mkondo unakotoka, ili wakati wa kurudi, mmechoka, maji yawasukume nyumbani. Usimtangulie kiongozi.

Na usiguse kitu. Nalitaja hili kwa mkazo, kwa sababu mbili. Moja ni yako: kuna wale wadudu weusi wenye miiba mirefu kama sindano, ambayo hukatikia mwilini, kuna konyeza wa kuwasha, kuna samaki mmoja anayejifanya jiwe, na miiba yake ina sumu kali. Ya pili ni ya mwenye nyumba. Ngozi ya tumbawe ni nyembamba, na pezi moja la mpira likipigwa ovyo laweza kuvunja kwa nukta moja kilichojengwa kwa miaka kumi. Ukichoka, usisimame juu ya mwamba; geuka chali, uelee. Vaa fulana ya mikono mirefu kuuzuia mgongo usichomwe na jua, badala ya kujipaka mafuta mengi. Baadhi ya mafuta hayo yana dawa zinazodhaniwa kuyadhuru matumbawe, hata Palau ikayapiga marufuku mwaka 2020, na Hawaii ikakataza kuyauza mwaka 2021.

Ukituliza mapezi, samaki watarudi kwenye kazi zao. Utawaona kitatange wawili wawili, wembamba kama sahani. Nyamaza usikilize: utasikia kitu kama mtu anayetafuna karanga. Huyo ni pono, mwenye mdomo kama wa kasuku, anakwangua mwamba apate majani yanayoota juu yake. Hutafuna na chokaa, kisha huitoa nyuma ikiwa mchanga mweupe. Sehemu ya mchanga ule wa pwani ambao wageni huvuka bahari kuja kuulalia imepita tumboni mwa pono. Na pono akivuliwa wote, majani hufunika mwamba, na matumbawe machanga hukosa pa kushika. Wavuvi wanajua pia kwamba samaki hawaheshimu mipaka ya hifadhi. Wakizaliana wengi ndani, wengine hutoka nje wakaingia madema. Hata hivyo mvuvi aliyezuiwa leo ana watoto wa kulisha leo, na kila mahali panapofungwa swali hilo huulizwa. Mwulize kiongozi wako jinsi kijiji chake kilivyolijibu. Atakueleza vizuri kuliko mimi.

Nusu saa au dakika arobaini zatosha kwa mara ya kwanza. Ukianza kutetemeka, sema, hata kama wengine bado wanafurahi. Huko kisiwani utapumzika kivulini, utapanda mnara, utaona jinsi mapaa ya nyumba yanavyokusanya maji ya mvua, maana hakuna kisima. Simu na saa ziache katika mfuko usiopenya maji. Wala usiokote kombe. Kaa wengi hutafuta nyumba.

Sasa lile karai. Kila mmoja kwa zamu avute pumzi kawaida, aweke uso majini mpaka masikioni, atoe hewa polepole kwa mdomo huku akihesabu moyoni mpaka kumi, kisha ainue uso bila kujifuta. Kutojifuta ndiko kugumu. Atakayeweza mara tano bila kupeleka mkono usoni amekwisha jifunza nusu ya kazi. Mwalimu, wewe fanya kila jioni mpaka siku ya safari, na ukirudi tuandikie ulimwona nani kule chini.