Kisu cha kujihami: Ijue sheria kabla ya kukichagua

WIZI wa mabavu mitaani huwafanya wengi kuuliza: je, kisu kipi kinafaa kubebwa kwa ajili ya kujihami?

Swali hilo lina majibu mawili, moja la fundi na jingine la sheria.

Kisu cha jikoni hakikuundwa kwa mapambano. Mpini wake aghalabu hauna kizuizi, hivyo mkono uliolowa jasho huteleza hadi kwenye makali na kumkata mwenye kisu. Kile cha kukunja nacho huhitaji utulivu wa kukifungua, na aliyevamiwa hana utulivu huo.

Jibu la sheria ni zito zaidi. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinatambua kujitetea kwa misingi ya sheria ya Uingereza iliyojengwa na maamuzi ya mahakama: nguvu zitumike inapobidi tu, tena kwa kadiri ya hatari iliyopo. Anayemdunga mwizi anayetoroka hajitetei tena.

Kifungu cha 308 nacho kinamhusu anayepatikana na silaha hatari katika hali inayoashiria nia ya kutenda kosa kubwa la jinai. Adhabu yake ni kifungo cha miaka 7 hadi 15. Kwa hiyo, aliyebeba kisu usiku huenda akalazimika kueleza nia yake mbele ya hakimu.

Filimbi, kurunzi na mwenzi wa safari havimfikishi mtu kizimbani. Mchezea wembe humkata.