Nywele Zipukutikapo kwa Ulegevu wa Tezi ya Shingo

Wasikilizaji wetu, watu waonapo nywele zimejaa menoni mwa kitana hulaumu mafuta au sabuni. Twasema, ifikirieni na shingo. Pale mbele ya koo pana tezi iitwayo thairoidi, nayo hutia damuni kitu kiitwacho homoni, kihimizacho kazi za mwili. Tezi ikilegea, mashina ya nywele hulala kabla ya wakati wake. Nywele hupungua kichwani kote, si kwa viraka, na zilizobaki huwa kavu. Hata nyusi huweza kunyonyoka upande wa nje. Pamoja na hayo mgonjwa huona baridi, uchovu na choo kigumu.

Mwaka 1891 tabibu George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimdunga mwanamke mgonjwa maji ya tezi ya kondoo. Hali yake ikatengenea, naye kwa kuendelea na dawa akaishi miaka 28 zaidi. Siku hizi, damu ikisha kupimwa, hutolewa kidonge cha kila siku. Lakini nywele hazina haraka: huchukua miezi kadhaa kuota tena, na wengine hukata tamaa wakaacha dawa mapema. Wala kuongeza vidonge hakuharakishi, maana dawa ikizidi nywele hupukutika vile vile.