Tangazo la chama: SMS, WhatsApp au barua pepe?

Tuseme chama cha Karatina kina wanachama 40 na mkutano umesogezwa hadi Jumamosi. Kwa bei ya kawaida SMS ni kama shilingi moja, kwa hiyo katibu ametumia 40. Si nyingi, ila asiandike Kikuyu sanifu. SMS moja hubeba herufi 160. Ukitia ĩ au ũ moja tu, nafasi inashuka hadi herufi 70, na tangazo lilelile linahesabiwa mara mbili au tatu. Wengi huziacha alama hizo. Hapa uvivu unalipa.

WhatsApp haitozi kwa ujumbe na kundi hubeba hadi watu 1,024. Gharama imejificha kwenye bando: picha za "habari ya asubuhi" hujipakua zenyewe usipozizuia kwenye mipangilio. Tena mama mwenye simu ya kabambe kule Othaya hayumo kabisa, na aliyeingia mwezi huu hawezi kusoma mlichokubaliana mwaka jana kuhusu riba ya mikopo.

Kwa kumbukumbu, naipa alama orodha ya barua pepe. Google Groups ni bure: anwani moja, barua inawafikia wote, na ya zamani hutafutwa kwa neno. Mwanachama aliye Marekani huijibu akitoka kazini, Nyeri ikiwa imelala. Kasoro ni kwamba wengi wetu tulifungua Gmail ili simu iwake tu, nywila tukaisahau siku hiyohiyo.

Jukwaa la wavuti je? Programu kama phpBB ni ya bure, lakini jina la .co.ke na nafasi kwenye seva hulipiwa kila mwaka, na lazima awepo wa kuchunga maneno. Kazi hiyo si ndogo: Januari 2008, chuki za baada ya uchaguzi zilipofurika, David Kobia, mwendeshaji wa jukwaa la Wakenya la Mashada, alilifunga. Kwa watu 40, ni kukodi ukumbi mzima ili kunywa chai.

Ningetuma tarehe na habari za pesa kwa SMS, kumbukumbu za mkutano kwa barua pepe, rambirambi na harambee niziachie WhatsApp. Na kokote mtakakokwenda, wekeni wasimamizi wawili, katibu asije akahamia Nanyuki na kundi likabaki kwenye simu yake.