Kenya: Likizo ya wanafunzi, darasa la walimu wa hisabati

Nchini Kenya, likizo ya shule za sekondari imekuwa kwa walimu wengi wa hisabati wakati wa kurudi darasani. Utaratibu huo ulitokana na mradi wa SMASSE, ulioanzishwa mwaka 1998 kwa msaada wa Japani, kwanza katika wilaya 9 kisha nchi nzima.

Chanzo chake kilikuwa matokeo duni ya mtihani wa taifa. Mwalimu aliandika ubaoni, wanafunzi wakanakili.

Walimu hufundishwa kupanga somo, kulitekeleza, kulitathmini na kuliboresha, wakitumia vifaa vilivyopo. Kwa mfano, mwanafunzi hukata pembetatu ya karatasi, akazichana pembe zake 3 na kuzipanga pamoja. Zinapounda mstari mnyoofu, hujionea mwenyewe nyuzi 180 badala ya kuzikariri.

Kituo cha CEMASTEA, jijini Nairobi, ndicho huandaa wakufunzi. Uganda na Rwanda nazo zilianzisha miradi ya namna hiyo.

Hata hivyo, mwalimu hurejea kwenye darasa lililofurika na muhtasari mrefu wa masomo. Asipopewa muda wa kutumia alichojifunza, chaki hurudia kazi yake ya zamani.