Jeki ya chupa yaokoa vipuri vya matrekta ya zamani West Nile

ARUA - Trekta la zamani lililolala miaka mingi chini ya mwembe huko Ajia lina bei mbili. Ya kwanza ni ya chuma chakavu, inayopimwa kwa kilo. Ya pili ni ya vipuri, inayohesabiwa kimoja kimoja: habu, puli, gia, beringi, ekseli. Tofauti kati ya bei hizo hutokana kwa kiasi kikubwa na namna kipuri kilivyotolewa. Habu iliyopasuka kwa nyundo huishia kwenye mizani ya chuma chakavu. Iliyovutwa taratibu ikatoka nzima hupata mnunuzi Arua, Koboko au ng'ambo ya mpaka.

Kifaa kinacholeta tofauti hiyo ni cha kawaida mno: jeki ya chupa, ile ile ambayo dereva wa lori huitumia kubadili tairi. Badala ya kuinua mzigo, hapa hutumika kuvuta. Lakini ikitumiwa bila hesabu, huharibu mali na huweza kumuua fundi.

Kwa nini vya zamani bado vinatafutwa

Massey Ferguson 135 lilianza kutengenezwa mwaka 1964. Kiwanda cha Banner Lane mjini Coventry, Uingereza, kilichotoa matrekta hayo, kilifungwa mwaka 2003. Vipuri vipya vinavyolingana nayo bado hutengenezwa India na Pakistan, ila kwa mkulima wa West Nile huja kupitia Kampala, safari ya karibu kilometa 500 hadi Arua. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, magari yalilazimika kuzunguka, na mzigo ukachelewa.

Msimu wa kulima haungoji lori. Ndiyo maana gia nzima iliyotolewa kwenye trekta bovu la jirani huweza kuwa na thamani kuliko gia mpya iliyoko Kampala.

Jeki inapata wapi nguvu

Kanuni yake ni ya zamani. Joseph Bramah wa Uingereza aliipatia hati ya uvumbuzi mashine ya kukandamiza kwa maji mwaka 1795, na jeki ya leo hufuata njia hiyo hiyo kwa kutumia mafuta. Mpini ukishushwa, pistoni ndogo husukuma mafuta kupitia valvu hadi chini ya pistoni kubwa. Mkandamizo wa mafuta ni sawa pande zote, hivyo pistoni kubwa hupata nguvu zaidi kulingana na eneo lake.

Chukua mfano. Pistoni ndogo ina upana wa milimita 10 na kubwa milimita 30. Eneo la kubwa ni mara 9. Mpini nao ukiongeza nguvu mara 20, jumla ni mara 180. Mtu akibonyeza kwa uzito wa kilo 30, jeki hutoa kiasi cha tani 5.4, ukiacha kidogo kinachopotea kwa msuguano. Nyundo haiwezi kutoa nguvu hiyo kwa utulivu. Nyundo hupiga mahali pamoja kwa ghafla, na chuma cha kumimina, ambacho habu na puli nyingi hutengenezwa nacho, hupasuka kikipigwa hivyo.

Fremu ya kuvutia

Jeki hujua kusukuma tu. Ili ivute, fundi huiwekea fremu. Chuma kinene cha chaneli hukaa mbele ya ncha ya shafti. Bolti mbili ndefu hutoka kwenye chuma hicho hadi kwenye matundu ya habu au puli, au kwenye bamba lililopita nyuma ya gia. Jeki hukaa katikati: kitako kwenye chaneli, pistoni kwenye ncha ya shafti. Ikipampiwa, inasukuma shafti upande mmoja na kuvuta kipuri upande wa pili.

Mambo manne huamua kama kipuri kitatoka kizima.

Kwanza, kufuli zote zitolewe: pini, ringi ya kuzuia, bolti za pembeni. Kipuri kinachokataa kutoka mara nyingi bado kimefungwa mahali ambapo fundi hajapaona.

Pili, bolti za kuvutia zifungwe karibu na shafti na kwa urefu sawa. Puli ikivutwa kwa ukingo wake huvunjika.

Tatu, kati ya pistoni na shafti kuwe na kipande cha chuma laini, ili meno ya shafti yasiharibike.

Nne, jeki ikilazwa, upande wa pampu uangalie chini. Jeki nyingi zikilazwa vinginevyo huvuta hewa badala ya mafuta, na mpini huwa mwepesi bila kazi kufanyika.

Kutu ikigoma, mafundi wazoefu hawaongezi nguvu mara moja. Huacha jeki imekaza, hutia mafuta mepesi kwenye maungio, hugonga habu kidogo pembeni, kisha husubiri. Kuna kipuri hutoka baada ya usiku mzima. Moto wa gesi nao husaidia, mradi usikaribie jeki, kwa sababu sili zake za mpira huungua.

Hesabu ya bolti

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Fundi hununua jeki ya tani 20 akidhani ameongeza usalama, kisha anaifunga kwa vyuma vya meno vya kawaida kutoka duka la vifaa vya ujenzi.

Bolti ya milimita 16 ya daraja 4.6, ambayo ni chuma cha kawaida, hubeba kiasi cha tani 3.6 kabla ya kuanza kurefuka. Mbili ni tani 7 tu. Ya unene huo huo lakini yenye alama 8.8 kichwani hubeba takriban tani 9. Ya milimita 20 yenye alama 8.8 hubeba karibu tani 15, yaani mbili ni tani 30.

Kwa hiyo jeki ya tani 20 kwenye bolti mbili za kawaida za milimita 16 inaweza kuanza kuzirefusha kabla haijafika hata nusu ya uwezo wake. Jeki ya tani 10 na bolti mbili za milimita 20 zenye alama 8.8 ni mpango salama zaidi na hutosha kwa kazi nyingi za trekta dogo.

Bolti inapokatika, au kipuri kinapoachia ghafla, nguvu yote hutoka kwa mkupuo. Njia ya kujikinga ni rahisi: nati ya shafti irudishwe meno machache bila kukazwa, ili kipuri kikiachia kisogee kidogo tu na kukwama hapo. Anayepampu asimame pembeni, si mbele ya jeki. Bomba lisiongezwe kwenye mpini. Trekta lisimame juu ya magogo au stendi, si juu ya jeki nyingine.

Jeki ya lori ibaki kwenye lori

Dereva anayeazimisha jeki yake gereji ajue anaazimisha nini. Jeki iliyopindwa pistoni au kuchanwa sili haionyeshi ubovu hadi siku ya pancha, lori likiwa na mzigo, usiku, kati ya Koboko na Oraba. Kosa jingine ni kuongeza mafuta ya breki. Hayo huharibu sili. Jeki hutaka mafuta ya haidroliki. Ikisafirishwa, isimame wima, valvu imefungwa.

Mpakani

Anayenunua vipuri vya kuvusha Vurra kwenda Congo, au Oraba kwenda Sudan Kusini, akague kabla ya kulipa: nyufa kuzunguka matundu ya bolti, meno ya shafti, alama za nyundo. Giaboksi imwagwe oili kabla ya kupakiwa.

Karatasi nazo zina hesabu yake. Utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ni wa bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya. Gia iliyotengenezwa Uingereza au India haigeuki kuwa bidhaa ya Uganda kwa sababu tu imefunguliwa Ajia. Chuma chakavu kinachofaa kuyeyushwa tu kina kanuni yake tofauti. Anayechanganya vyote kwenye gunia moja hujitafutia mabishano na forodha. Orodha mbili, moja ya vipuri na nyingine ya chakavu, humwokolea muda.

Kwa mfanyabiashara, swali la kumuuliza fundi kabla ya kununua ni fupi: kilitolewa kwa jeki au kwa nyundo? Jibu lake mara nyingi huonekana kwenye chuma chenyewe.