Kabla ya Kukata Bati: Fundi na Mchoro wa Kompyuta

Tuseme karakana moja ya Bukoba imeagizwa mfereji wa kumwagia kahawa katika mashine ya kukoboa. Bati lina unene wa milimita 2. Upana wa mfereji ni milimita 100, na kila ukingo milimita 50, vipimo vyote vikiwa vya nje. Je, likatwe bati la upana gani? Mwanafunzi hujumlisha na kupata 200. Mfereji wake utazidi kwa takriban milimita 7, wala hautaingia mahali pake. Chuma kikunjwapo, upande wa ndani hubanwa na wa nje huvutika; kwa kunjo la pembe mraba lenye nusu kipenyo cha ndani cha milimita 2, yafaa kupunguza milimita 3.5 hivi kwa kila kunjo.

Fundi mmoja wa Muleba, asiyepata kugusa kompyuta, aliniambia kwamba yeye hupunguza “chini kidogo ya unene mara mbili”. Hakukosea. Nchi ya Wahaya haikuanza jana kujua chuma: masalio ya tanuri za Katuruka yana umri wa yapata miaka 2000.

Basi programu imfaayo fundi huyu ni ile itakayoipokea namba yake na kumkunjulia bati. AutoCAD, iliyotoka mwaka 1982, ina sifa kubwa, na atafutaye ajira kwa wakandarasi hana budi kuijua. Lakini tangu 2016 leseni zake mpya hukodiwa kwa muda. Mwenye karakana na ahesabu ada hiyo ni sawa na mageti mangapi. FreeCAD, iliyoanza mwaka 2002 na kufikia toleo la 1.0 Novemba 2024, ni ya bure, hufanya kazi bila intaneti, na ina nyongeza maalumu ya kazi za bati. Kujifunza kwake kwataka subira. Kwa mageti na madirisha, LibreCAD, ambayo pia ni ya bure, yatosha.

Mimi nilisomea ng’ambo kwa programu ghali ya chuo. Niliporejea nyumbani sikuweza kuifungua hata michoro yangu mwenyewe. Tangu hapo kila mchoro wa kukatia huuhifadhi pia kwa muundo wa DXF, ambao programu zote tatu huusoma.

Anayeanza na auchore mfereji huo huo. Kwanza akunje kipande cha bati chakavu, akipime, ndipo aingize namba aliyoipata. Bati la duka moja halikunjiki sawa na la duka jingine.